Kipa na Breki za Bibie

Baba Mkubwa alidaka mipira ya timu ya kiwanda ujana wake wote, na mpaka leo anaitwa Kipa hata na watu ambao hawajawahi kumwona akiruka. Ana mikono mikubwa ajabu, naye anaiamini kupita kiasi. Akinunua kabati, analipima kwa viganja.

Gari lake kuukuu lenye taa za mviringo analiita Bibie. Siku Bibie alipokataa kusimama na kwenda kubisha hodi kwenye ukuta wa jirani, Mama Mkubwa alitoa hukumu.

"Sipandi tena mpaka breki zishike. Zisiposhika mwezi huu, namwita mnunuzi wa vyuma chakavu."

Baba Mkubwa alicheka, lakini chakula kilimshinda. Alikuwa amelinunua gari lile ili watembee wawili. Hata hivyo aliendelea kuliendesha peke yake kwa kuvuta breki ya mkono, akijiona bingwa.

Alifungua gurudumu la nyuma akakuta breki shuu, vile vipande viwili vya chuma vilivyopinda, vimekwisha kabisa. Akavipima kwa viganja, akatoka nyumbani mikono imetanuliwa vilevile mbele ya kifua, mpaka duka la spea. Nilimfuata kwa sababu lazima mtu amfungulie geti. Muuza magazeti alimnyooshea mkono wa salamu ukabaki hewani. Mama mmoja alidhani anataka kumkumbatia, akavuka barabara.

Shuu za kwanza alizonunua hazikuingia. Akaenda tena, akarudi na kubwa zaidi, halafu kubwa kuliko hizo. Ilikuwa kama mabao aliyookoa: kila akisimulia, yanaongezeka.

"Mzee wangu, niletee ya zamani niione," muuza spea alimsihi.

"Nibebe chuma kichafu barabarani? Mimi gari langu nalijua."

Mwezi ukawa unayoyoma. Mama Mkubwa, ambaye ni fundi cherehani, akaja uani na gazeti na chaki yake. Akailaza ile shuu ya zamani juu ya gazeti, akachora ukingo wake wote pamoja na matundu, akakata kama anavyokata mkono wa gauni.

"Tia mfukoni," alimwambia. "Na leo uwasalimie watu."

Muuza spea alikunjua karatasi juu ya meza, akaigeuza mara mbili, akaanza kucheka.

"Mzee, ekseli yako ya nyuma, ule mhimili wa magurudumu, si ya gari lile. Kabla hujalinunua kuna mtu aliibadilisha. Hizi breki ni za gari la kusambaza mikate."

Baba Mkubwa alinuna njia nzima, utadhani kaambiwa habari za mchumba wa zamani wa mkewe. Bibie, mikate!

Lakini shuu ziliingia bila kulazimishwa. Nilikanyaga pedali, yeye akatoa hewa kwenye mabomba ya breki, kisha akaliteremsha gari kwenye mteremko wetu. Mama Mkubwa alisimama getini ameshika mdomo. Gari likafika chini, likasimama kimya, likapanda kurudi.

Baba Mkubwa akafungua mlango wa mbele. "Haya, mama. Umeona lilivyosimama?"

"Nimeona."

"Sasa unaogopa nini kupanda?"

"Kupanda sikuogopa hata siku moja," alisema Mama Mkubwa. "Kila asubuhi nilikuwa nasimama hapa nakuangalia ukishuka na breki ya mkono. Nilikuwa nasikiliza mpaka mlio upotee. Halafu narudi ndani nakaa karibu na mlango, nisubiri watu waje kuniambia."

Baba Mkubwa aliachia mlango, akavua kofia ya ubingwa wote. Nilikuwa sijawahi kumwona vile, na niliona aibu kwa jinsi nilivyokuwa nikicheka mwezi mzima.

"Nisamehe, mke wangu," alisema.

Mama Mkubwa alifuta macho kwa ncha ya kanga, akaingia, akavuta mlango mwenyewe.