Nyinyoro za Mkesha wa Sikukuu

Siku hiyo nilisimama mbele ya picha ya Mama wa Mungu nikashindwa kupiga ishara ya msalaba.

Mkono uligoma. Ulikuwa umekunja ngumi.

Ilikuwa mkesha wa sikukuu yake ya Agosti. Kijijini kwetu Tholari, sisi wachache wa kujitolea tuliamkia ufukweni kuzungushia kamba nyinyoro za bahari, yale maua meupe ya kwenye tuta la mchanga. Ndiyo yanayoushika mchanga usiondoke.

Jioni angekuja afisa wa mazingira. Akiyakuta maua, tuta linalindwa. Asipoyakuta, Stathis mwenye baa anapewa ruhusa ya kulisawazisha na kupanga vitanda vya kuotea jua.

Nilichomeka kibao nilichokiandika mwenyewe: USIKATE MAUA.

Mchana tukaenda kula dengu, maana ni mfungo.

Kurudi, kamba zipo. Kibao kipo. Maua hakuna hata moja. Vikonyo vitupu, vimekatwa kwa mkasi, bado vinatoa maji.

Sikuaga mtu. Nilimkuta Stathis nje ya baa yake anachoma pweza.

"Umeyapeleka wapi?"

"Nini tena, dada Evdokia? Kaa upoe, jua limekuingia."

"Maua, Stathis."

"Mimi niko na pweza wangu hapa. Muulize yeye kama nimetoka."

Wateja wakacheka.

"Wewe si mtu wa sala?" akaongeza. "Nenda kanisani, hasira zishuke."

Nikaenda.

Picha takatifu ya Mama wa Mungu ilikuwa imezungukwa na nyinyoro zetu zote. Mama Polixeni, aliyenisimamia ubatizo, alikuwa anachomeka ua la mwisho. Mkasi unaning'inia shingoni.

"Njoo uone alivyopendeza, mwanangu."

"Mama, hukukiona kibao?"

"Nimekiona. Kukisoma nikisome kwa macho ya nani? Ila kamba zenu zimetusaidia sisi wanawake wa kanisa. Tumekwenda moja kwa moja penye maua mazuri."

Nilitamani kupiga kelele humo humo kanisani.

"Siku zote tunampamba kwa mrehani wa bustanini," nikasema. "Nani kawaambia habari za nyinyoro?"

"Stathis, Mungu ambariki. Kasema bibi zetu walimpamba hivi, sisi ndio tumekuwa wavivu. Asubuhi katuahidi pikapu yake, na mlipokwenda kula, mfanyakazi wake katupeleka."

Hapo nikamweleza yote. Afisa, tuta, vitanda. Nilimweleza kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia kwa mzee.

Hakulia. Aliuvua mkasi shingoni.

"Kwa hiyo kanituma mimi nimwibie Mama wa Mungu. Kwa mkasi wangu mwenyewe."

Afisa alipofika tutani, Stathis alikuwa keshatangulia, mikono mfukoni.

"Mchanga mtupu, bosi. Si nilikwambia?"

Ndipo tukawaona wale wanawake wa kanisa, wamevaa nyeusi, wanapanda tuta. Mama Polixeni yuko mbele, kaikumbatia picha takatifu na maua yake yote.

Alichomoa ua moja, akapiga magoti kwa shida, akajaribu kikonyo hiki na kile mpaka mkato ukakutana na mkato.

"Yalikuwa hapa," akamwambia afisa. "Nimeyakata mimi. Aliyenituma ni huyu, na gari lilikuwa lake. Andika faini yangu, kisha uandike na yake."

"Mama, mimi nilikuwa nawasaidia tu," Stathis akaanza.

"Nyamaza. Nenda, pweza wako anaungua."

Tuta halikusawazishwa. Nyinyoro zilichanua tena mwaka uliofuata, kwa sababu vitunguu vyake, vinavyochipuza maua, viko chini sana mchangani, mkasi haufiki. Mama Polixeni alilipa faini yake bila kupunguziwa. Na picha siku hizi inapambwa kwa mrehani.

Stathis namsamehe kila asubuhi, kwa kuwa nimeamriwa. Ikifika mchana, nikipita pale baa, naanza upya.

Nami nawaambia mnaosali kama mimi: mwizi mwenye akili hakuvuti uache imani yako. Anaikodi. Ukimwona asiyekanyaga kanisani anakuhimiza utoe sadaka nzuri zaidi, kabla hujapanda gari lake, muulize anataka nini mahali unapokwenda kuichukua.