Lipokee Jiwe Kwanza

Sifa zote ni za Mungu, aliyeniamsha leo hapa Ruiru nikiwa na pumzi, na meno machache ya kutafunia githeri, mahindi yetu na maharagwe. Kama si rehema zake, nisingekuwa na ujasiri wa kuandika haya.

Nakumbuka siku moja, mwanangu. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nikikata mawe ya kujengea katika machimbo yaliyo kati ya Ruiru na Thika. Mama alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, akaniachia neno moja tu: "Mtunze Kimani." Kimani, ndugu yangu mdogo, alikuwa na miaka kumi na saba. Nikamleta machimboni awe kama mimi.

Lakini Kimani hakuwa mimi. Jiwe la kujengea lazima liwe na pembe zilizonyooka. Yeye, kila saa ya chai, alikuwa na jiwe lake kando analizungusha na kulikwaruza kwa patasi. Wenzetu walimcheka. "Wee Kimani, hilo litaingia ukuta gani? Ama unajichongea bibi?" Mimi nilikuwa nimeokoka karibuni, nikidhani bidii ndiyo hekima. Niliogopa kwamba anachonga sanamu ya kuabudu. Niliogopa pia kwamba atakufa njaa. Sikuuliza hata swali moja. Niliinua nyundo nikalivunja jiwe lake, nikatupa vipande kwenye shimo la zamani lenye maji chini yake.

"Samaki mkunje angali mbichi," nikawaambia waliokuwa wakitazama.

Kimani aliokota patasi yake akarudi kukata mawe ya ukuta. Afadhali angenitukana.

Kesho yake hakuonekana kazini. Kama saa nne hivi mtu akaniita kwa sauti ambayo sikuipenda. Kando ya lile shimo kulikuwa na akala zake, viatu vya mpira wa gari, zimepangwa vizuri kama za mtu aliyeingia nyumbani.

Mwanangu, maji yale yalikuwa ya kijani, na hayakutikisika. Nilitaka kuomba. Nilisikia neno la mama tu: mtunze.

Mzee Gathogo, fundi aliyenifundisha kazi, alilala kifudifudi ukingoni akachungulia. "Yuko hai," akasema polepole. "Usipige kelele."

Kimani alikuwa chini kabisa, karibu na maji, miguu mitupu juu ya mwamba mwembamba, amekumbatia kipande cha jiwe kilichokuwa kimekwama pale. Alikuwa ameshuka kutafuta nilichotupa. Tukamteremshia kamba. Hakuishika, mikono yake ilikuwa imejaa.

"Liachilie jiwe, ushike kamba!" nikalia.

Akatikisa kichwa. Kokoto zikaporomoka chini ya nyayo zake, zikazama.

Mzee akanikamata kola. "Samaki unayemkunja, Njoroge, ameshakufa. Huyu bado. Lipokee jiwe kwanza."

Nikafunga gunia kwenye kamba, nikaliteremsha. "Kimani, ndugu yangu, nipe jiwe. Sitalivunja. Nitakushikia."

Alitazama mikono yangu. Kisha akalitia guniani. Nililivuta taratibu, nikaliweka kwenye nyasi, nikamwonyesha mikono mitupu. Ndipo akaishika kamba.

Alipofika juu tulikaa chini wote wawili. Hapo ndipo nililitazama lile jiwe kwa mara ya kwanza. Ulikuwa mkono wa mwanamke, kidole cha mwisho kimepinda. Mama alikivunja akipasua kuni.

"Nilikuwa naanza kuisahau mikono yake," Kimani akasema.

Leo Kimani ana karakana yake kule Thika, na vijana wanaojifunza kwake. Jiwe lile liko mezani kwangu. Namshukuru Mungu, lakini hofu haijaniisha. Kila nikisikia mzazi hapa mtaani amechana michoro ya mtoto, macho yangu hutazama chini, yanatafuta akala.

Basi sikia, mwanangu. Ukiwa mzazi, usimwambie mtoto aachilie alichoshika kabla hujakitazama. Uliza. Pokea. Kamba ataishika baadaye. Nawe kijana, kama wamekivunja chako, usikifuate shimoni peke yako. Ita mtu, hata kama ni mzee mmoja tu anayesikia.

Mungu aliyekupa mikono hiyo akupe na mtu wa kuipokea kazi yake. Akulinde katika kila ukingo unaposimama, na viatu vyako vikutwe mlangoni kwenu, wewe ukiwa ndani. Amina.