Daktari Aliyekunja Mikono

Ukungu wa Nyeri ulikuwa umeingia hadi kwenye veranda ya hospitali, na watu walipita ndani yake polepole kama wanaoota. Ilikuwa miaka ile madaktari wa Kizungu walikuwa wakirudi kwao. Nilikuwa nimemleta dada yangu kutoka Wamagana, uchungu wa kuzaa umemshinda, na ilibidi apasuliwe.

Daktari mkuu mpya, ambaye mikono yake ilisifiwa Tetu nzima, alikuja na daktari wa chini yake. Mlangoni mwa chumba cha upasuaji akamwambia, "Leo ni wewe utapasua. Mimi nitasimama karibu."

Nikaruka. "Daktari, huyu ni dada yangu! Fanya wewe!"

Akanishika bega. "Juzi mama mmoja alikufa hapa akiningojea. Huyu daktari alikuwako, lakini sikuwa nimempatia nafasi. Ati kila kitu ni mimi."

Wakamwingiza dada yangu ndani. Kupitia kioo cha mlango nilimwona mkuu amesimama kando ya mwenzake, mikono yenye glavu ameikunja kifuani, vidole vikikamatana kwa nguvu. Mara moja tu alisema neno, kwa sauti ya chini, na mwenzake akaitikia kwa kichwa.

Mtoto akalia. Dada yangu alikuwa hai.

Mwenzake alipokuwa akishona, gari lilileta majeruhi kutoka Chaka. Mkuu akatoka mbio kumpokea, wala hakugeuka kutazama nyuma.

Sisi huwasifu wakubwa wanaofanya kila kitu wenyewe, na sifa hizo tunazimalizia kwenye mazishi ya waliokufa wakiwangojea. Yule nilimpenda kwa kazi aliyomwachia mwenzake.