Sabuni Kwenye Kabureta

Mutwiri alinunua Pijo 404 mwaka aliostaafu ukarani wa ghala la nafaka, na hakulinunua kwa sababu alihitaji gari. Alitaka kuonekana. Kila Jumapili pale Ruiri aliliegesha mbele kabisa ya kanisa, akashuka polepole, akaufunga mlango kwa kishindo, kisha akaufungua na kuufunga tena kwa ajili ya wale ambao hawakusikia mara ya kwanza. Kuhusu injini hakujua lolote, na hilo halikumzuia kuwafundisha wengine.

Mkewe, Kajuju, ndiye aliyelima viazi na kukama ng'ombe. Ndiye pia aliyeisikia harufu ya petroli kwanza.

"Baba Mwendwa, hili gari linavuja."

"Magari ya zamani hunuka hivyo," alisema Mutwiri. "Wewe hujui mambo ya magari."

Kajuju akarudi kukama ng'ombe. Alikuwa amejifunza kunyamaza zamani, si kwa kukubali bali kwa kuchoka.

Harufu ikazidi. Gari likizimwa injini ikiwa na joto halikuwaka tena mpaka lisukumwe, na lilipolala palibaki doa. Mutwiri akamlaumu muuza petroli, akalaumu barabara, akalaumu baridi ya mlimani. Mwishowe akafungua boneti akaona kabureta, kile chombo kinachochanganya petroli na hewa, kimelowa ubavuni. Akachukua kipande cha sabuni ya kufulia, akakipaka pale chini ya kifuniko, akakikandamiza kwa kidole gumba mpaka kikapenya kwenye ufa. Watu huziba hivyo tangi lililotoboka, ili wafike nyumbani tu. Mutwiri aliona ametengeneza. Aliingia ndani akaagiza chai kama mtu aliyetoka kulima ekari nzima.

Jumapili iliyofuata walikuwa wakimrudisha kwao mama yake Kajuju, bibi mzee aitwaye Gatakaa, aliyekaa kiti cha nyuma. Kwenye mlima wa barabara ya murram, isiyo na lami, moshi ukaanza kutoka chini ya boneti, kisha ulimi wa moto. Mutwiri akavuta breki ya mkono, akafungua mlango wake, akakimbia. Hakusema "shukeni." Hakusema neno. Aliruka mtaro, akapita seng'enge, akasimama katikati ya mahindi ya watu.

Mlango wa nyuma ulikuwa unafunguka kwa nje tu. Kajuju alishuka, akaufungua, akamtoa mama yake kwa kumbeba nusu na kumburuta nusu. Kisha akafunga leso mkononi, akainua boneti na kuutupia moto mchanga wa barabarani, konzi baada ya konzi, mpaka ukafa. Kifundo cha mkono wake wa kulia kiliungua vibaya.

Moshi ulipopungua, Mutwiri akarudi akijipangusa suruali.

"Nilikuwa natafuta maji," alisema.

Upande ule hakukuwa na mto wala bomba. Gatakaa alimtazama mkwewe, akageuza uso, akaomba aitiwe bodaboda.

Mutwiri alitaka gari liuzwe kwa watu wa vyuma vikuukuu, lipotee, na habari ya mahindi ipotee nalo. Kajuju alikataa. "Kwanza nijue ni nini kilitaka kumuua mama," alisema, akamwita fundi Kailemia kutoka Meru mjini.

Kailemia alipangusa kabureta ikakauka kabisa, akaivuta petroli kwa kishikio kidogo cha pampu yake bila kuwasha injini, akainama kuangalia. Mpira wa petroli ulibaki mkavu. Lakini punde unyevu ukatokea chini ya kifuniko, ukateremka ubavuni.

"Inafurika kutoka ndani," alisema. "Kuna boya humu. Petroli ikijaa, boya linapanda na kusukuma kisindano kinachofunga njia. Hili halifungi."

Alipofungua kifuniko, akakuta ute mweupe ndani ya bakuli la petroli. Akauchota kwa ncha ya bisibisi.

"Nani ameweka sabuni?"

"Kuna fundi mwingine alipita hapa," Mutwiri akasema.

"Ni yeye," Kajuju akasema, bila kupandisha sauti.

Kailemia alipumua kwa pua, akaendelea. Alilitoa boya, la shaba, akalitikisa sikioni, kisha akalitikisa karibu na sikio la Kajuju. Petroli ilisikika ikicheza ndani. Wakaleta sufuria ya maji moto, wakaiweka mbali na jiko, wakalizamisha boya. Viputo vidogo vikapanda kwa mstari kutoka kwenye kitundu chembamba kama ncha ya sindano. Boya lilikuwa limekunywa petroli, likawa zito, likashindwa kupanda.

Aliimwaga petroli iliyokuwa ndani ya boya, akalikausha vizuri, akaziba kitundu kwa tone dogo la risasi ya kuchomelea, maana likizidi boya linakuwa zito tena. Akaosha sabuni na mchanga wote, akaweka kisindano kipya na gasketi mpya. Injini ikawashwa, ikanguruma mpaka ikapata joto. Kajuju akapitisha kidole kuzunguka kabureta. Kilitoka kikavu.

"Hata mimi nilishuku hilo boya," Mutwiri akasema.

Kailemia alikusanya spana zake, akampa Kajuju ufunguo wa gari.

Kajuju alijiunga na shule ya udereva mjini kidonda kilipopona, na sasa ndiye anayepeleka viazi sokoni na kumchukua mama yake. Njiani siku moja Gatakaa alimwuliza kama bado anakaa na yule mwanaume.

"Mimi nakaa kwangu, mama," Kajuju alijibu akibadilisha gia. "Yeye ndiye anayekaa na mimi."

Mutwiri bado husimulia, pale watu wanapongoja gari la maziwa, jinsi alivyozima moto. Wazee humwitikia huku wakiangalia pembeni. Jumamosi Mutwiri hupewa ndoo na kitambaa aoshe gari. Hiyo kazi anaiweza, ila magurudumu lazima Kajuju ayarudie.