Mgeni Aliyetua Chini

Mfua mashuka wa hospitali, ambaye watu wote walimwita Dobi, hata mumewe, hakuwa mtu wa kutikiswa na jambo dogo. Lakini Ijumaa ile mchana, alipotoka uani kuanika, alisimama na shuka bichi mkononi likimchuruzikia miguuni, naye hana habari.

Kando ya dimbwi la maji ya kufulia, pale mtaro ulipoziba, alitua ndege mdogo. Mgongo wa samawati, mkia wa panda, na juu ya kichwa doa jeupe kama kofia iliyofuliwa jana. Mbayuwayu wa kilemba! Kwa miaka mingi wapenda ndege wa mji ule walikuwa wakimtaja kama ukoo unavyomtaja ndugu aliyepotelea safarini.

Wapenda ndege hao walikuwa na kundi lao la simu, na kundi lilikuwa na lugha yake. Akionekana ndege adimu anayepita njia, wote waliitwa waje kumwona. Huyo alikuwa "mgeni". Lakini aliyeonekana na kiota aliitwa "mwenye nyumba", na likishatamkwa neno hilo, hakuna aliyeruhusiwa kuuliza ni wapi. Mgeni hupokewa na wote. Mwenye nyumba huachwa alee.

Dobi hakungoja hata kufuta mikono. Alipiga picha, akaandika: "Nimepata mgeni! Kilemba! Yuko uani kwetu, nyuma ya hospitali, amekuja kunywa maji."

Simu ikaanza kutetemeka mfukoni mwa aproni kama jogoo aliyefungwa miguu. Watu wale wale waliozoea kumtania, "Dobi, kunguru wako hajambo leo?" sasa walimwita malkia. Mpiga picha mmoja, waliyemwita Bomba kwa sababu ya kamera yake yenye mdomo mrefu kama bomba la maji, aliandika: "Kesho asubuhi niko mlangoni. Dada, usianike chochote, utamtisha." Mwenyekiti wao, mkunga mstaafu, akaongeza: "Hongera, mwanangu. Tutakuja kimya kimya."

Sifa ni tamu, na mtu aliyezikosa muda mrefu huzinywa bila kupumua. Dobi alirudi kazini akitabasamu peke yake.

Jioni ilipokaribia, wifi yake, aliyepiga pasi katika chumba cha pili, alimwita kwa sauti ya ugomvi.

"Wifi! Njoo uone dude lako linavyonichafulia mashuka!"

Juu ya shuka jeupe palikuwa na chembe za tope. Dobi aliinua macho. Kwenye boriti, karibu na tundu la hewa lililovunjika wavu, palikuwa na vidonge vya tope vilivyopangwa safu juu ya safu, kama shanga. Kikombe cha kiota kilikuwa kimefika nusu.

Tabasamu likamkauka. Mbayuwayu hanywi maji akiwa ametua! Hunywa akiruka, akipita juu ya maji na kuyagusa kwa mdomo. Akishuka chini, ameshuka kuchukua tope. Jambo hilo Dobi alilijua fika. Ni yeye aliyewafundisha wanachama wapya. Lakini siku ya siku, furaha ilimziba macho, akamwita mjenzi msafiri.

"Sasa mbona umekaa kama umemeza pini?" wifi akauliza.

"Kesho watu wanakuja, wifi. Na ndege hawa wakisongwa na watu kabla ya kutaga, wanahama. Hawarudi tena."

"Basi si uwaambie ameshaondoka? Mgeni si huondoka?"

"Huo ni uongo."

"Uongo kwa ndege? Atakwenda kukushtaki wapi?"

Dobi alitoa simu, akaandika: "Poleni, ameruka, hayupo tena." Aliyatazama maneno hayo. Yangemtoa salama, na umalkia wake ungebaki. Kisha akayafuta. Walichokuwa nacho kundini ni neno la mtu na neno la mwenzake, basi. Mtu akidanganya kuhusu ndege mmoja, ndege wake wote aliowahi kuwaona wanakufa.

Ila hakuandika ukweli pia. Hilo ndilo lililokuwa kosa la pili, na lilikuwa baya kuliko la kwanza. Alijiambia, ngoja nifike nyumbani. Nyumbani akajiambia, ngoja nile. Kila alipoishika simu, alikuta hongera mpya, akaiweka chini. Alikaa, akasimama, akafungua dirisha, akalifunga. Akaweka chumvi kwenye chai.

"Dobi," mumewe alisema baada ya kuonja, "hii ya kunywa au ya kusukutulia?"

Dobi hakucheka. Aliogopa jambo moja tu: kurudi kuwa mtu wa kunguru.

Asubuhi aliwahi kazini kabla ya mashine kuwashwa. Aliwakuta wamekwisha fika kwenye geti la nyuma, na Bomba ametangulia, kamera begani. Ndani ya ua, juu ya paa, ndege wawili walikuwa wakizunguka na tope mdomoni, wakikaribia tundu na kulikwepa. Walikwisha kuwaona watu.

Dobi alishika ufunguo, lakini hakufungua.

"Si mgeni," alisema. Akarudia kwa sauti. "Si mgeni. Ni mwenye nyumba."

"Haa!" Bomba akacheka. "Jana mgeni, leo mwenye nyumba? Amepewa uraia usiku?"

"Nilikosea."

"Hujakosea, dada. Umeona raha kubaki naye peke yako. Huo unaitwa uchoyo."

"Niite mchoyo. Alitua chini nikasema anakunywa. Nyote mnajua mbayuwayu hanywi hivyo, na mimi najua. Niligundua jana jioni, nikanyamaza kwa sababu mlikuwa mnanisifu. Nimewasumbua bure. Samahanini."

Mkunga mstaafu alivaa miwani, akaitafuta picha ya jana kwenye simu yake. Akaikuza kwa vidole.

"Tope hili hapa mdomoni," alisema. "Jamani, sote tulipewa picha hii. Nani kati yetu aliitazama?"

Mkunga aliutazama mdomo wa kamera ya Bomba, kisha paa.

"Twendeni. Mwenye nyumba haulizwi. Na wewe, mwanangu, unajua sharti la mwenye nyumba: ujumbe wako naufuta, na ndege huyu hatahesabiwa kuwa wako."

"Najua, mama."

Bomba aliondoka akinung'unika, na kabla ya saa ya chai alikuwa amejitoa kundini, akiacha neno moja nyuma yake: "Waongo." Hakuna aliyemjibu, lakini pia hakuna aliyemtetea Dobi. Ndivyo ukweli uliochelewa unavyolipwa.

Siku nzima Dobi hakutulia. Kila kivuli kilipopita juu ya mashuka, aliinua kichwa. Kilikuwa cha njiwa, au cha wingu. Jua lilikuwa kali na dimbwi likaanza kupasuka kingo. Akachota maji kwenye ndoo, akamwagia.

"Sasa unafua matope?" wifi yake alimwuliza kutoka dirishani. Dobi akaenda kuchota tena.

Jumatatu aliingia chumba cha pasi. Aliona kwanza shuka kuukuu lililotandikwa sakafuni chini ya boriti; hakuuliza nani kalitandika. Kisha akatazama juu. Juu ya tope kavu la kijivu palikuwa na safu mpya, nyeusi, mbichi.

Mkono ulikwenda wenyewe mfukoni, ukaigusa simu. Aliuacha hapo kidogo, kisha akautoa mtupu.

Wifi aliingia nyuma yake, na mlango aliozoea kuubamiza, leo akaurudisha polepole kwa mikono miwili.