Mgonjwa wa Plastiki Aliyepita Lundo

Jamani, hili naona aibu hata kulisimulia, na mkicheka chekeni polepole, maana mwenyewe bado halijanitoka.

Chuo rafiki cha Ulaya kilituletea mgonjwa wa plastiki wa kufundishia uuguzi, mrefu kama mtu mzima, ukibonyeza swichi ubavuni kifua kinapanda na kushuka. Mwalimu Anna, mgeni wetu, akasema atakayewafundisha wanakijiji vizuri zaidi ndiye atakayekwenda kusoma kwao muhula mmoja. Basi mimi, mtoto wa Matiri ambaye hata Dar sijafika (haya, chekeni), nikaitaka nafasi ile mpaka usingizi ukapaa.

Siku yenyewe Mwalimu Anna alitangulia zahanati, kule Lundo, kijiji cha kando ya ziwa. Gari letu likakwama mchangani, nikawaambia wenzangu watatu, "Tumbebe kwa machela, na tumfunike shuka asiingie vumbi." Gubigubi! Wanafunzi wanne wenye sare nyeupe, tunatokea upande wa ziwani, taratibu (akili zangu hizo).

Wanaume wakavua kofia. Kina mama waliokuwa wakianika dagaa wa usipa wakajitanda khanga, wakatufuata kimya, kimya mpaka nasikia nyayo zao mchangani, na mimi kichwa kikavimba, nikajua ndiyo heshima ya wageni. Mama mmoja akaja ubavuni pangu, akashika mguu wa sanamu juu ya shuka.

"Mmempata wapi, binti?"

"Twende tu, mama, utamwona zahanati," nikamjibu na haraka zangu.

Nyuma kilio kikaanza. Mwenzangu akaninong'oneza alichosikia kwa kina mama: kijana wa mama yule alizama na mtumbwi, mwili haujaonekana. Nikageuka nimweleze mama, lakini tulikuwa tumeshafika mlangoni pa zahanati, watu wametuzunguka.

Tukaiweka machela chini. Sijui nani aligusa swichi. Shuka likapanda. Likashuka. Likapanda tena.

"Anapumua!" Mama akapiga yowe, akalivuta shuka. Macho ya plastiki yakamtazama bila kupepesa, kifua kikiendelea. Akakigusa kile kifua kwa kiganja, muda mrefu, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Sasa wangu yuko wapi?"

Nikapiga magoti, nikasema nisamehe, mama. Aliifunika sanamu mpaka kidevuni, kama anayemlaza mtoto, akaondoka kuelekea ziwani.

Mwalimu Anna, Kiswahili hajui, alifurahi kweli: hajawahi kuona somo limejaza watu vile! Nilijaribu kumweleza, Kiingereza kikaniishia njiani. Nafasi nikapewa mimi. Nyumbani wakachinja jogoo, nyama nikashindwa kumeza.

Nimeapa: mtu akinisemesha njiani, hata niwe na haraka gani, nitasimama nimuulize kwanza anamtafuta nani.