Mandari Chini ya Milozi

Kila mwaka milozi ilipochanua pale Srinagar, Mukhta na mumewe Sonaullah walikwenda mandari bustanini. Mukhta alibeba busati na mikate. Sonaullah, fundi wa shaba, alibeba samovari, birika kubwa lenye moto tumboni, aliyoifua mwenyewe mwaka walipooana. Chai ilikuwa kazi yake, wala hakutaka mtu aiguse.

Kisha kiharusi kikampata. Mkono wa kulia ukalegea, mguu akawa anauburuta, na misimu miwili ya maua ikapita yeye amekaa tu dirishani.

Msimu wa tatu Mukhta akamwomba jirani yao Lassa, muuza mboga, aje na mkokoteni wake.

"Inuka, Baba Parvina," Mukhta akamwambia mumewe. " Tunakwenda kwenye milozi."

"Nisukumwe kama gunia la figili, mji mzima unitazame?"

"Waache kutazama maua wakutazame wewe? Hata ujanani hukuwa mzuri kiasi hicho."

Lassa akacheka huko nje. Sonaullah naye akashindwa kujizuia, akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Wakampakia.

Bustani ilikuwa imejaa watu, kila familia na busati lake. Mukhta akatia mkaa, akawasha, akapuliza mpaka machozi yakamtoka. Ulitoka moshi mtupu.

"Unafukuza nyuki?" Sonaullah akauliza.

"Basi nielekeze. Miaka arobaini umenificha kazi hii."

"Sikukuficha." Akatafuta maneno, maana ulimi nao ulikuwa mzito siku hizi. "Nyumbani hukai chini toka alfajiri. Nilitaka upate siku moja ya kukaa."

Mukhta aliinamia samovari muda mrefu kuliko moto ulivyohitaji.

"Toa mkaa nusu," Sonaullah akasema taratibu. "Weka vijiti vikavu chini. Hapo. Sasa puliza polepole."

Moto ukashika. Chai ilipoiva, ya rangi ya waridi na yenye chumvi kama wanywavyo watu wa huko, Mukhta akammiminia. Sonaullah akashika kikombe kwa mkono wa kushoto, nusu ikamwagikia kanzu. Mukhta akamwongezea, akaketi, bega lake likigusa la mumewe.

"Chumvi imezidi."

"Kunywa hivyo hivyo."

Akanywa vikombe vitatu. Lassa alipokuja kuwachukua, Sonaullah alikuwa na maua meupe yaliyomwangukia kofiani na hakutaka kuyakung'uta.

"Kazunguke kwanza, Lassa," akasema. "Mke wangu bado amekaa."